Nafasi ya Besi

"Basi simama mbele ya watu useme mimi ni mwongo!" wifi yangu alifoka, pasi ikiwa juu, mvuke ukimtoka mkononi. "Sema, 'Wifi yangu hakusikia kitu, aliota.' Sema nikusikie."

"Sijasema uliota. Nimesema ulitangaza kabla hujauliza."

"Niulize nini? Mtu nimemsikia kwa masikio yangu haya!"

"Ulimsikia akiimba, wifi."

"Na anayeimba anatumia nini? Goti?"

"Shusha hiyo pasi, utaunguza shati."

Akaishusha kwa hasira, ikalia shwaa juu ya kola. Shati lilikuwa la mume wangu. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu katikati yetu, amevaa fulana na suruali ya suti, anatazama sakafu. Kwa wifi yangu huyo ni mdogo wake wa mwisho, aliyembeba mgongoni. Kanisani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Besi, kwa sababu miaka yote aliyokuwa kwenye kwaya, sauti yake uliisikia kwanza kwenye benchi uliloketi, inapanda kutoka kwenye mbao, ndipo ikakufika masikioni.

Sauti hiyo haipo. Kiharusi kilimkuta kwenye karakana yake ya useremala, randa mkononi, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Anaelewa anachoambiwa, au sehemu kubwa yake. Akitaka kujibu linatoka "ta", halafu "ta-ta-ta", kama pikipiki inayokataa kuwaka, halafu anaufunika mdomo kwa mkono wa kushoto na kugeukia ukuta. Wageni hudhani amechoka, wakaaga. Hajachoka. Anaona aibu.

Na asubuhi hiyo ya Jumapili, kanisani walitaka kumpa kipaza sauti.

Wifi huja kushinda naye mimi nikiwa kazini. Wiki hiyo, siku moja mchana, alikuwa anamlisha uji huku anaimba wimbo aliotunga mwalimu wao wa kwaya, ule ambao wanawake wanauliza kwa mstari mrefu ni nani atabaki jioni ikiingia, na besi wanawajibu kutoka nyuma kwa maneno matatu tu: "Nipo, Bwana, nipo." Wifi akafika mwisho wa mstari, akavuta pumzi, na kwenye kiti kile ikatoka sauti. Ilikuwa imekwaruza, lakini ilikuwa mahali pake hasa: "Nipo, Bwana, nipo." Wifi akaangusha bakuli. Niliporudi nilikuta uji umekauka ukutani.

Hakuningoja. Wifi yangu ana moyo mzuri na mdomo usio na kufuli. Asipokuwepo tunamwita Tangazo. Mimi habari nilizipata kazini. Nina diploma ya maabara, napokea sampuli dirishani, na mama mmoja alinikabidhi kikopo cha mkojo kisha akanishika mkono, glavu na yote, akasema, "Hongera mama! Tumesikia baba anaongea!" Nikamuuliza kama mkojo ni wa asubuhi. Sikujua niseme nini kingine.

Jioni nikampigia simu mtaalamu wa mazoezi ya kuongea tuliyemwona hospitali kubwa. Akarudia jambo aliloniambia tangu mwanzo, ambalo sikuwa nimelishika: mtu anaweza kushindwa kuomba maji na bado akaimba, kwa sababu kichwani nyimbo hazikai chumba kimoja na maneno. "Ni jambo jema, mama," alisema, "ila msije mkadhani amepona." Nikajaribu mwenyewe. Mimi nikiimba hata paka anahama. Niliimba ule mstari wa wanawake mpaka mwisho, nikangoja. Besi alinitazama kwa huruma kubwa, kisha ile nusu ya mdomo inayofanya kazi ikacheka. Ni hivyo tu. Lakini kicheko hicho nilikuwa sijakiona tangu siku ya karakana. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili nisisikike.

"Mchungaji ameshatangaza," wifi alisema, akigeuza shati upande wa pili. "Kuna watu wanatoka makanisa mengine kuja kusikia ushuhuda. Unataka tuwaambie nini?"

"Ukweli."

"Ukweli ni kwamba Mungu ameanza kazi!"

"Wifi, mimi nikiona wadudu kwenye hadubini, siandiki kwamba wameanza kuondoka kwa sababu mgonjwa ni mtu mzuri. Naandika nilichokiona."

"Hilo ndilo tatizo lako. Wewe kila kitu mkojo."

Binti yetu alikuwa mlangoni anapiga kiwi viatu vya baba yake. Akacheka, kisha akajuta.

"Cheka," shangazi yake akamwambia. "Cheka tu. Baba yako angekuwa anaongea siku nyingi kama nyumba hii ingekuwa na imani. Mama yako ndiye anayemzuia. Ndiyo, nimesema! Nimelimeza muda mrefu."

 Pasi ilibaki inatokota juu ya kisahani chake. Neno hilo nilikuwa nimeshalisikia kwa wengine, likiwa limefungwa kwenye kitambaa kizuri: tuombe kwa nia moja, asiwepo kati yetu mwenye mashaka. Lakini hakuna aliyewahi kulitamka ndani ya nyumba yangu, mbele ya mume wangu, huku akitumia pasi yangu.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Ningemwonyesha kidonda cha kiunoni ninachokisafisha kila asubuhi, ambacho yeye huwa anageuka asikione. Ningemwambia pia jinsi ninavyoomba siku hizi, maana watu wanadhani siombi. Mwanzoni niliomba apone, nikafunga, nikalia, kama kila mtu. Baadaye nikaomba nielezwe kwa nini. Sikuelezwa, na sitaki mtu anifariji kwa kusema nilielezwa ila sikusikia. Sasa sala yangu ni fupi. Nikiwa nimemkumbatia chini ya makwapa, miguu nimeitanua, namtoa kitandani, nasema, "Bwana, shika huku." Kama ni sala au ni kelele za mtu anayeinua mzigo, sijui.

"Umemaliza?" nilimuuliza.

"Nimemaliza."

"Lete shati, linapoa."

Tukamvalisha, mkono mbovu kwanza. Tulipofika kwenye tai, Besi akaishika kwa mkono wa kushoto, akaivuta, akaitupa chini. Wifi akaiokota akamfunga. Akaivua tena.

"Mkaidi tangu tumboni," wifi alisema, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mimi nikajua kwamba maneno yale hakuyasema kwa ubaya. Alihitaji pawe na kosa mahali. Kosa likiwepo linaweza kusahihishwa. Kosa lisipokuwepo, basi mdogo wake amekaa tu pale hivyo, bila sababu.

Nilikuwa chumbani natafuta funguo binti yangu aliponifuata.

"Mama."

"Sema, tunachelewa."

"Wewe unaamini Baba atapona?"

"Daktari anasema mkono hautarudi. Maneno, labda machache."

"Sijauliza daktari."

Nikaacha kupekua mkoba. Huyu mtoto nimemfundisha mwenyewe kuuliza maswali mpaka mwisho, na kuna siku najuta.

"Naamini Mungu anaweza," nilimwambia. "Kwamba atafanya, hilo siwezi kukuahidi. Naamka na hali hiyo kila siku."

"Basi anafanya nini, kama hafanyi hilo?"

Nilitafuta kitu cha kumpa. Nilitafuta kweli, kama nilivyokuwa nikitafuta zile funguo, na sikukipata.

"Chukua mto wa mgongoni," nikasema. "Na uangalie usisahau nguo ya kumbadilisha."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenye shughuli. Nikapiga magoti mbele ya kiti. Tulishakubaliana, akigonga mkono wa kiti mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Unataka kwenda kanisani?"

Akagonga mara moja, kwa nguvu.

"Watataka useme."

Mkono ukapanda ukafunika mdomo. Ukakaa hapo. Kisha ukashuka taratibu, ukagonga tena mara moja. Anakwenda. Alichokuwa anakwenda kukifanya huko sikukijua, na yeye hakuwa na njia ya kuniambia.

"Anakwenda," nilimwambia wifi. "Kipaza sauti hapana."

"Kama Roho akimwongoza—"

"Hapana, wifi. Niahidi."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwahidi mtoto peremende ili alale.

Mvua ilikuwa inanyesha, ile ndogo isiyo na mwisho. Gari la jirani lilitupeleka hadi mlangoni. Kanisa letu ni jengo refu la matofali, sakafu ya saruji, dirisha moja limezibwa kwa kadibodi. Kilicho kizuri humo ni jukwaa la kwaya. Mume wangu ndiye aliyelijenga, bila kuonyesha msumari hata mmoja, likiwa na ngazi mbili pana za kupandia. Mwalimu wa kwaya, mtu mfupi mwenye mgongo mbovu, alimwomba wakati ule aweke mteremko pembeni. Besi alimcheka. Alisema mteremko utakula safu nzima ya wanawake, na tena, nani aliona mtu anaingia kwaya na magurudumu?

Walimweka mbele kabisa, peke yake, ametazama watu, na chombo cha maua pembeni, kama bwana harusi aliyekimbiwa. Mimi, binti yangu na wifi tukakaa safu ya kwanza. Mtu mmoja nyuma yetu aliniegemea akaninong'oneza, "Leo adui ataaibika, mama." Nikamwambia mvua inamwingilia, asogee.

Besi hakuwa anawatazama watu. Alikuwa amegeuza shingo kushoto, upande ule unaomtii, anatazama jukwaa lake. Wanakwaya walikuwa wameshapanga safu. Safu ya nyuma ni ya besi, na nafasi yake ilikuwa ya pembeni, karibu na nguzo. Nikaangalia nguzo. Haikuwepo nafasi. Wanaume walikuwa wamejitanua kidogo kidogo mpaka pengo likaisha. Sikuwalaumu. Kwaya haiwezi kusimama na tundu katikati yake. Lakini niliona mume wangu anaihesabu ile safu kwa macho, anarudi mwanzo, anaihesabu tena.

Somo lilikuwa la yule aliyepooza ambaye rafiki zake wanne walipanda naye darini, wakabomoa, wakamteremsha kwa kamba mpaka mbele ya Yesu. Lilichaguliwa kwa ajili yetu. Mchungaji wetu si mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka ya furaha. Alihubiri kwa kuruka. "Akasimama! Akabeba kitanda chake! Wewe uliyembeba mtu, leo atakubeba!" Watu wakaitikia mpaka kadibodi ya dirishani ikatikisika.

Mimi nilikumbuka maneno ya Besi kwenye masomo ya jumuiya, zamani, habari hiyo hiyo iliposomwa. Aliinua mkono akauliza, "Na dari je? Nani alirudi kulitengeneza? Fundi hajatajwa." Watu wakamtazama kama ametukana. Mimi nikacheka mpaka nikatolewa nje.

Safari hii sikufikiria dari. Nilifikiria wale wanne. Nimebeba mtu, najua. Kamba ikilowa jasho inakata kiganja. Mgongo unaanza kuuma chini kushoto. Mtu aliyelegea ni mzito kuliko uzito wake. Na asubuhi walipomwinua kutoka kwake hakuna aliyewaambia mambo yataishaje. Walishika pembe zao nne wakiwa hawana cha kuonyesha mtu yeyote. Hapo ndipo somo lilipokuwa linanihusu, na mchungaji alikuwa ameshaliruka.

Na Yesu huyo waliyempelekea, naye yalimfika. Usiku wake mbaya alipiga magoti akaomba aondolewe mateso, na hakuondolewa. Rafiki zake aliwaomba jambo dogo tu, wakae naye macho, wakasinzia. Hilo nimelijua tangu utotoni, ningeweza kulisimulia huku napika. Siku hiyo lilinikalia mahali pengine. Nilikuwa nimefikiri kwamba tangu siku ya karakana niko peke yangu nje ya mlango uliofungwa, nabisha. Lakini huyu hakai nyuma ya mlango wowote. Yeye mwenyewe aliomba akanyimwa. Kila nilipomkumbatia mume wangu nikasema "shika huku", nilikuwa nasema na mtu anayejua kiganja kinavyouma. Na nilimwinua. Mume wangu ni mkubwa karibu mara mbili yangu. Sisemi ni muujiza, kuna namna ya kukunja magoti, nesi alinionyesha. Lakini nilimwinua, kila siku, na sikuwa nimewahi kujiuliza nani ameshika upande wa pili.

Sikufurahi. Naomba nieleweke hapo. Kilikuwa kitu kizito tu, na kilikuwa cha kweli, na nilitamani kumpa binti yangu kabla hakijaponyoka.

"Sasa," mchungaji alisema, akishuka na kipaza sauti, "tumsikie mwenyewe!"

Nilimgeukia wifi. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Uliahidi."

"Sikumwambia aache," alinong'ona. "Nilishindwa, wifi. Alikuwa amefurahi sana."

Mchungaji alikuwa ameshafika kwenye kiti. "Besi! Mwambie Bwana asante! Neno moja tu!"

 Besi alitazama kipaza sauti. Niliona kifua kinajaa, kama kilivyokuwa kinajaa zamani kabla ya kuimba. Midomo ikahangaika.

"Ta," alisema. "Ta. Ta-ta-ta."

Kipaza sauti kilikuwa kizuri. Kilichukua kila kitu, na mate. Watoto safu ya pembeni wakacheka, wakafinywa, wakacheka zaidi. Sauti ya mwanamke ikapaa, "Haleluya!" Besi akainua mkono wa kushoto ajifunike mdomo, na mchungaji, akidhani anainua mkono wa sifa, akaushika kifundoni akaunyanyua juu kabisa, mbele ya watu wote. "Amina! Amina! Mwoneni!"

Ndiyo mkono pekee alionao. Aliuvuta. Mchungaji alizidi kuunyanyua, anacheka kwa furaha. Uso wa mume wangu ulikuwa wazi, mate yakimteremka kidevuni, na hakuwa na ukuta wa kugeukia.

Nikasimama. Sikukimbia. Nilikwenda nikautoa mkono wa mume wangu kwenye mkono wa mchungaji, kidole kimoja kimoja, nikaurudisha mdomoni kwake. Kisha nikachukua kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," nilisema.

"Amina!"

"Mume wangu hajapona."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ashindwe!" kisha akaona haya, maana haikueleweka ni nani anayeambiwa ashindwe.

"Hajapona," nilisema. "Aliimba maneno matatu ya kwaya yake. Wifi yangu alisikia vizuri, hakudanganya. Lakini hawezi kuniomba maji. Mkono wa kulia hautarudi. Ana kidonda ambacho hamjakiona. Niliomba apone, mliomba pamoja nami, nawashukuru. Hajapona."

Nilimtafuta binti yangu kwa macho. Alikuwa ameshika ule mto kifuani.

"Na Mungu hajatuacha. Hilo nalo naliripoti. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, siandiki ninachotamani. Kumwinua mtu huyu kila asubuhi siwezi, na nimemwinua kila asubuhi. Kuna aliyeshika upande wa pili. Kwa nini anashika na haponyi, sijui. Mwanangu ameniuliza leo asubuhi, nikamjibu kuhusu mto. Jibu langu ni hilo. Ananisaidia kushika. Sina lingine, na sitaki mtu aniongezee."

Hakuna aliyepiga makofi. Wengine walitazama chini. Wageni wa makanisa mengine walianza kutafuta miavuli yao. Mchungaji alikuwa amesimama mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kuruka nalo. Alimtazama Besi, akatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umeushika mkono wa Besi.

"Nisamehe, ndugu yangu," alimwambia polepole. Kisha kwangu: "Mama, tufanye nini sasa?"

Sikuwa nimefika huko. Nilimtazama mume wangu, nikitegemea agonge, anionyeshe mlango, tuondoke. Gari lilikuwa nje. Yeye alikuwa amegeuza shingo tena kushoto. Kwenye nguzo.

Ndipo nikaelewa kwa nini aliitupa tai. Tai ni ya mtu anayekwenda kutoa hotuba. Wanakwaya hawavai tai.

"Apande kwenye kwaya," nilisema. "Hivi alivyo. Nataka watu wanne."

Nikampa mchungaji kipaza sauti chake, nikaondoa maua njiani, nikasukuma kiti mpaka kwenye ngazi. Hizo ngazi mbili za mume wangu zilinifika magotini. Nikashika pembe ya nyuma, kushoto. Nikangoja. Watu walikuwa bado wanaona aibu, na mtu mwenye aibu huwa mzito kuinuka. Nilianza kufikiri kwamba nitamrudisha nyumbani na mvua hii.

Viatu vya kisigino vikalia kwenye saruji. Wifi yangu akavivua, akavipiga teke pembeni, akashika pembe ya nyuma, kulia.

"Sijasema nakubaliana na wewe," alisema bila kunitazama.

"Kunja magoti. Usiinue kwa mgongo."

"Nilimbeba huyu hujamjua."

Binti yangu akaweka mto kwenye ngazi, akashika mbele. Mwalimu wa kwaya akashuka kutoka juu na mgongo wake mbovu, akashika mbele upande wa pili, akasema, "Huu mteremko niliuomba mimi. Mnakumbuka?" Nusu ya mdomo wa Besi ikatetemeka.

"Bwana, shika huku," nilisema, kwa sauti, na safari hii watu walisikia.

Tukainua. Alikuwa mzito kama kawaida. Ngazi ya kwanza kiti kiliyumba, gurudumu likanikwaruza kifundo cha mguu, wifi akaguna kama ng'ombe. Ngazi ya pili mikono ikateremka kutoka safu ya nyuma, mikono ya wanaume, ikapokea fremu, na uzito ukanitoka kiganjani ghafla mpaka nikapepesuka.

"Sogeeni," mtu wa besi aliwaambia wenzake. "Sogeeni, hapo ni pake."

Wakasogea. Benchi likaburuzwa. Pengo likafunguka karibu na nguzo, jembamba, na kiti kikaingia kwa shida. Besi akashusha mkono kutoka mdomoni, akaupeleka kwenye nguzo aliyoichonga mwenyewe, akauacha pale.

Nikainama nikafunga breki.